Mbwa wa Mbio Akistaafu, Nani Amlishe?



Neno mbwa likitajwa kwenye baraza zetu za pwani, mazungumzo huwa mafupi. Mmoja atasema ni najisi, mwengine atasema malaika hawaingii nyumba yenye mbwa, na wa tatu ataagiza kahawa nyengine. Basi, kwisha. Leo nawaomba mukae kitako kidogo. Habari ya mbwa ninayoileta ni habari ya kazi, kamari, uzee na deni, na mambo hayo yanatugusa sote, hata sisi tusiofuga chochote zaidi ya paka na kuku.

Sababu ya kuandika ni hii. Vijana wetu wengi kutoka Mombasa, Malindi na Lamu wako Uingereza, na kazi ambayo wengi huipata mapema ni ya kuhudumia wazee majumbani. Mpwa wangu ni mmoja wao. Mwaka huu alipangiwa nyumba ya bibi mmoja mjane anayeishi na mbwa wawili warefu, wembamba, aliowachukua kutoka kwa watu wanaookoa mbwa wa mbio. Akanitumia ujumbe wa sauti: "Mjomba, niikubali kazi hii ama niikatae? Na nikiikubali, swala yangu itakuwaje?"

Suali lake lina milango miwili. Mmoja ni wa twahara, na huo wanazuoni waliufungua zamani. Wa pili ni wa mbwa wenyewe: wametoka wapi, na wameokolewa na nini hasa? Nitaanza na huu wa pili, maana ndio tusioujua.

Ni mbwa gani hawa?

Mkubwa wao anaitwa grehaundi. Ni mrefu wa miguu, kifua kimeshuka chini, tumbo limeingia ndani, mbavu zinahesabika. Mgeni akimuona atadhani ana njaa, kumbe ndivyo alivyoumbwa. Uzito wake ni kama kilo 30. Mbwa wengi huwinda kwa pua, lakini huyu huwinda kwa macho: akiona kitu kinakimbia mbali, tayari ameshaondoka. Kwa mwendo mfupi hukaribia kilomita 70 kwa saa, na katika kila hatua ya mbio zake miguu yote minne huwa hewani mara mbili.

Wa pili ni wipeti, kama grehaundi aliyepunguzwa, uzito wake nusu ya hapo au chini zaidi. Huyu alikuzwa kaskazini mwa Uingereza katika karne ya 19 na wachimba makaa na wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Hawakuwa na uwezo wa kufuga farasi, kwa hivyo walishindanisha mbwa. Mmoja alimshika mbwa, mwengine akasimama mwisho wa uwanja akipunga kitambaa, na mbwa akakifuata mbio.

Wa tatu, lacha, si kabila moja la mbwa bali ni mchanganyiko: grehaundi au wipeti aliyezalishwa na mbwa wa kuchunga kondoo au mbwa mdogo wa kuwinda. Alikuwa mbwa wa maskini na wa watu wanaohamahama, aliyepelekwa usiku kuwinda sungura kwenye mashamba ya matajiri ili chungu kipate nyama. Kasi yake ni ya grehaundi, na ujanja wake ni wa mchunga kondoo.

Wana jamaa zao pia. Uhispania kuna galgo, na Uarabuni kuna saluki. Jamaa zetu waliofanya kazi Abu Dhabi au Oman huenda wamemuona huyo saluki, masikio yenye manyoya marefu, anayewindisha pamoja na kozi. Tutarudi kwake.

Kamari ndiyo iliyowazalisha

Zamani grehaundi alikuwa mbwa wa watu wakubwa wa Ulaya, akifukuza sungura hai mashambani. Mambo yalibadilika mwaka 1919, pale Mmarekani Owen Patrick Smith alipofungua uwanja huko Emeryville, California, ambapo mbwa walifukuza sungura bandia anayeendeshwa kwa mashine. Tarehe 24 Julai 1926 mchezo huo ulifika Uingereza, katika uwanja wa Belle Vue mjini Manchester, na watu wakaukimbilia. Ulichezwa jioni, mtu akishatoka kazini. Kiingilio kilikuwa cha chini na uwanja ulikuwa mjini, si mbali kama viwanja vya farasi. Na juu ya yote, mtu aliweza kuweka pesa.

Mbwa mmoja aliyeitwa Mick the Miller alishinda shindano kubwa la Derby mwaka 1929 na tena 1930, akawa mashuhuri kama mchezaji wa kandanda wa leo. Alipokufa mwili wake ulihifadhiwa, na uko hadi leo katika jumba la makumbusho mjini Tring.

Lakini kwa kila Mick mmoja kulikuwa na maelfu wasiojulikana majina, na hapo ndipo hesabu inapouma. Mbwa wa mbio huanza kushindana akiwa na umri wa mwaka mmoja na miezi kadhaa. Akifika miaka minne au mitano amekwisha, na wengine huvunjika mguu kabla ya hapo. Umri wake wa kawaida ni miaka kumi hadi kumi na mitatu. Kwa hivyo baada ya kazi, mnyama ana miaka sita, saba, au zaidi ya kuishi, na haingizi hata senti. Nani amlishe?

Kwa miongo mingi jibu la wengi lilikuwa fupi: asilishwe. Mwaka 2006 gazeti la Sunday Times liliandika habari za mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi katika mji wa Seaham, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Iliripotiwa kuwa kwa muda wa miaka 15 aliwaua grehaundi wapatao 10,000, wazima wa afya, walioletwa na wenyewe kwa malipo kidogo, kisha akawazika nyuma ya nyumba yake. Watu walipigwa na butwaa. Lakini lililonishtua mimi ni lililofuata mahakamani: kosa aliloshitakiwa halikuwa la kuua, lilikuwa la kutupa taka bila kibali. Mnyama aliyewaletea watu pesa aliingia kwenye sheria kama taka.

Sisi tuna methali: fadhila ya punda ni mateke. Hapa mambo yamegeuka. Mnyama ndiye aliyefadhili, na mateke yametoka kwa binadamu.

Aibu ile ilisukuma mambo. Mwaka 2010 zilipitishwa kanuni za ustawi wa mbwa wa mbio, zikitaka pawe na daktari wa mifugo uwanjani na kila mbwa awe na alama ya kumtambulisha. Mwaka 2020 wasimamizi wa mchezo walianzisha mpango wa amana: pauni 400 ziliwekwa kwa kila mbwa aliposajiliwa, nusu na mwenyewe na nusu na wasimamizi, na zikatumika kumtafutia nyumba akistaafu. Kwengine wameona heri mchezo wenyewe uishe. Wapiga kura wa Florida waliukataa mwaka 2018. Mwaka huo huo uwanja wa Macau ulifungwa, wakabaki mbwa zaidi ya 500 wa kutafutiwa makao. New Zealand ilitangaza kuupiga marufuku Desemba 2024, na serikali ya Wales ikatangaza vivyo hivyo Februari 2025. Huko Uhispania bado kuna kazi: kila msimu wa kuwinda ukimalizika, mwanzoni mwa mwaka, galgo wengi hutupwa barabarani, na sheria mpya ya wanyama ya 2023 iliwaacha nje mbwa wa kuwinda.

Tusijione tuko mbali. Ingia kwenye duka la kamari hapa mjini, utakuta mabarobaro wamekodolea macho skrini yenye mbwa wanaokimbia na nambari mgongoni. Aghalabu ni picha za kompyuta, lakini asili ya mchezo ule ndiyo hii niliyoieleza. Sisi tunajua kamari ni haramu, na huwa tunahesabu hasara ya mchezaji na ya watoto wake. Huyu mnyama ni mdhulumiwa wa tatu ambaye hatumhesabu.

Maisha ya nyumbani

Sasa mbwa ametoka uwanjani, ameingia nyumba ya mtu. Watu hufikiri mnyama wa kasi vile atavunja kila kitu. Mpwa wangu naye aliogopa hivyo. Alichokikuta ni mbwa wawili wamelala. Grehaundi akishakimbia dakika chache hurudi akajitupa, na kwa siku nzima usingizi wake huzidi uamsho. Wakati mwengine hulala chali, miguu yote juu. Habweki sana, na ukimtegemea akulinde na mwizi umepoteza pesa.

Tabu yake ni nyengine. Mbwa huyu amelelewa kwenye banda na wenzake, hajawahi kuona nyumba. Ngazi hajui anazipandaje. Mlango wa kioo hauoni, anaweza kuugonga. Sakafu ya vigae humtelezesha. Birika likipiga mluzi anatetemeka. Kwa hivyo miezi ya mwanzo ni ya kumfundisha mnyama mtu mzima mambo ambayo wengine huyajua tangu utotoni, na dawa yake ni subira. Ukali humrudisha nyuma, kwa maana ngozi yake ni nyembamba na moyo wake vivyo hivyo.

Nimeuliza na kusoma, na haya ndiyo wanayoyasisitiza wanaofuga mbwa hawa:

Kwanza, hana mafuta mwilini na manyoya yake ni mafupi. Baridi ya Ulaya humuumiza kweli, ndiyo maana utamuona amevishwa koti. Si madaha. Akilala sakafuni bila godoro hupata vidonda kwenye viungo.

Pili, asiguswe akiwa amelala. Bandani alilala peke yake, na wengine hulala macho yakiwa wazi. Akiguswa ghafla hushtuka na anaweza kuuma kabla hajajua ni nani. Mwite jina kwanza. Nyumba yenye watoto lazima iwe na sharti hili: mbwa akiwa kitandani kwake, haendewi.

Tatu, maisha yake yote alifundishwa kufukuza kitu kidogo kinachokimbia. Hawezi kutofautisha sungura bandia na paka wa jirani. Wengine huzoea paka wa nyumbani, wengine hawazoei kabisa. Nje hutembezwa kwa kamba, na asiachiliwe mahali pasipo ua. Ukanda wake wa shingo ni wa aina maalumu, kwa sababu kichwa chake ni chembamba kuliko shingo, na ukanda wa kawaida huuvua akaenda zake.

Nne, daktari lazima ajue anamtibu mbwa wa aina gani. Mwili wake huchelewa kuondoa baadhi ya dawa za usingizi, hasa ile ya zamani iitwayo thayopentali, na dozi inayomfaa mbwa mwengine inaweza kumhatarisha. Damu yake pia ina chembe nyekundu nyingi kuliko kawaida, na daktari asiyejua atadhani ni ugonjwa. Meno yake mara nyingi ni mabovu kwa sababu ya chakula laini cha bandani.

Wipeti ni mwepesi zaidi kwa nyumba ndogo. Lacha anahitaji kushughulishwa akili, maana akichoka kukaa bure atatafuta njia ya kuruka ua.

Mashirika yanayowatafutia makao hayatoi mbwa kama anayegawa kuku. Moja kubwa, Greyhound Trust, limekuwepo tangu 1975. Kwa kawaida watu hawa huja kukagua ua, huuliza kuna watoto wangapi, kuna paka, nani yuko nyumbani mchana. Na wengi hukubali kumpokea tena mbwa mambo yakishindikana, ili asije akatupwa mara ya pili.

Twahara ni jambo moja, huruma ni jambo jengine

Tuje kwenye mlango wa kwanza. Mimi si sheikh, kwa hivyo suali la mpwa wangu nililipeleka kwa ustadhi wa mtaani kwetu, naye akanieleza kwa utulivu.

Sisi watu wa pwani ni Shafii, na kwa Shafii mbwa ni najisi nzito. Akilamba chombo au nguo, au akigusa kitu kukiwa na umajimaji, huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kikavu kwa kikavu hakihamishi najisi. Hanafi wanasema najisi ni mate, manyoya si najisi. Maliki wanaona mbwa aliye hai ni twahara, na kuosha kule ni ibada tunayoitii. Kumfuga ndani bila haja, wengi wa wanazuoni wanakukataza, na zimekuja hadithi kwamba anayefanya hivyo hupungukiwa na thawabu kila siku, isipokuwa mbwa wa kuwinda, wa mifugo au wa shamba.

"Lakini binti hafugi," akasema ustadhi. "Mbwa ni wa bibi, na yeye anahudumia mgonjwa. Avae nguo za kazi mbali na za swala, aswali pahala safi, akilambwa aoshe. Mgonjwa asiachwe kwa sababu ya ndimi ya mbwa."

Mpwa wangu aliikubali kazi. Ana kanzu yake kwenye mfuko, ana msala wake, na chumba cha juu ambacho mbwa hawapandi, kwa kuwa ngazi bado wanaziogopa.

Kisha ustadhi akaongeza neno ambalo ndilo lililonifanya niandike. Akasema hukumu ya najisi inakwambia uoshe nini. Haikwambii umpige nani.

Hebu tufikiri. Katika Suratul Maida imeruhusiwa nyama iliyokamatwa na mnyama wa kuwinda aliyefundishwa, na mbwa ni katika hao. Katika Suratul Kahf, wale vijana wa pangoni wametajwa pamoja na mbwa wao, amenyoosha miguu kizingitini. Tumesoma madrasa habari ya aliyemnywesha mbwa mwenye kiu akasamehewa dhambi zake, na habari ya ngamia aliyelia mbele ya Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, naye akamkanya mwenyewe kwa kumtumikisha na kumshindisha njaa. Yule ngamia ni mnyama wa kazi, kama hawa wa mbio.

Waarabu wenyewe waliielewa tofauti hii. Saluki aliheshimiwa jangwani na akapewa nafasi hemani, huku hukumu za twahara zikifahamika. Na Baghdad, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, mwanazuoni Ibn al-Marzuban aliandika kitabu kizima juu ya ubora wa mbwa kuliko wengi wa wanaovaa nguo. Kilikuwa kitabu cha kuwasuta watu wasio na uaminifu, lakini hangeweza kukiandika kama mbwa kwake angekuwa kitu cha kupigwa mawe tu.

Na sisi je?

Simwambii mtu wa Kibokoni au Majengo akafuge grehaundi. Joto letu na nyumba zetu hazimfai, na dini yetu imetuwekea mipaka. Ninalolisema ni kuhusu deni.

Sisi pia tuna wanyama wanaotufanyia kazi. Lamu imejengwa juu ya migongo ya punda: mawe, mchanga, maji, mizigo yote. Tangu mwaka 1987 pale mjini kuna kliniki ya punda inayotibu bure, na ilianzishwa na wageni. Kila ninapopita pale najiuliza kwa nini hatukuanza sisi, ambao punda ndio wetu na hadithi ya ngamia tunaihifadhi kwa moyo. Punda akizeeka, akivunjika mguu, huachwa ajitafutie kwenye jaa. Tofauti yake na grehaundi wa Seaham ni kwamba yeye anakufa polepole.

Na mbwa wa mitaani, tuseme ukweli. Mtoto akimrushia jiwe mbwa asiyemfanya kitu, nani kati yetu humwambia acha? Tunasema ni mbwa tu. Kichaa cha mbwa ni hatari ya kweli, na dawa yake ni chanjo, siku ya chanjo ikitangazwa mbwa wapelekwe. Jiwe halizuii kichaa. Hata sheria ya Kenya, Sura ya 360, inahesabu kumtesa mnyama kuwa kosa, na haikumtoa mbwa.

Kwa hivyo mambo matatu, yasiyohitaji pesa nyingi. Mwenye punda wa mkokoteni amuwekee siku ya mapumziko, na ajue mapema nani atamlisha akichoka. Walimu wa madrasa, mukifundisha mlango wa najisi, fundisheni siku hiyo hiyo habari ya mbwa mwenye kiu, ili mtoto asitoke na nusu moja ya somo. Na barobaro anayekaa mbele ya ile skrini yenye mbwa, akijua kuwa pesa yake haramu, ajue pia ni mchezo gani anaulisha.

Wallahu aalam.